Dereva wa Treni Aliyepeleka Jeshi Migodini: Kisa cha Ben Chifley na Mgomo wa Makaa wa 1949

Tarehe 1 Agosti 1949 wanajeshi wa Australia waliingia kwenye machimbo ya wazi ya makaa ya mawe huko Muswellbrook na Minmi, katika jimbo la New South Wales, wakaanza kuchimba. Wenye kazi yao, wachimbaji wapatao 23,000, walikuwa majumbani kwao, mgomo ukiwa katika wiki ya sita. Kabla ya hapo nchi ile haikuwahi kutumia jeshi wakati wa amani kuvunja mgomo wa chama cha wafanyakazi. Serikali iliyofanya hivyo ilikuwa ya Chama cha Labor, chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi wenyewe. Waziri mkuu wake, Ben Chifley, alikuwa dereva wa treni aliyefukuzwa kazi mwaka 1917 kwa kosa la kugoma.

Wengi wakifika hapo hufunga kitabu na kusema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alipopanda cheo aliwasahau wenzake, basi. Mimi nimekirudia kisa hiki mara nyingi na siwezi kukubali hukumu hiyo. Ninavyomwona, Chifley wa 1949 aliukumbuka mwaka 1917 kila siku ya maisha yake, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye amri ile. Kosa analo, tena kubwa. Ila watu wanalitafuta kwa wanajeshi, na mimi naliona mahali pengine.

Tuanze na reli, maana bila reli mtu huyu haeleweki.

Chifley alizaliwa tarehe 22 Septemba 1885 katika mji wa Bathurst, mtoto wa mhunzi mwenye asili ya Ireland. Akiwa na miaka mitano alipelekwa kwa babu yake shambani Limekilns, akakulia huko katika nyumba ya udongo mpaka babu alipofariki. Shule aliipata kwa kudokoa. Mwaka 1903 aliingia kwenye banda la injini la Bathurst akiwa kijana wa kutumwatumwa. Baadaye akawa msafishaji wa injini, kisha mtia makaa, na mwaka 1914 akawa dereva wa daraja la kwanza, mmoja wa madereva vijana kabisa wa daraja hilo katika jimbo zima. Usiku alikuwa anasoma.

Katika reli ya mvuke ngazi ilikuwa moja na haikuwa na njia ya mkato. Mtia makaa alisimama nyuma ya dereva miaka na miaka, koleo mkononi, akilisha tanuri ili mvuke usishuke treni inapopanda mlima. Siku ya kukabidhiwa usukani ilitegemea jambo moja: ulianza kazi lini. Nani yuko juu yako kwenye orodha, nani yuko chini yako. Ukongwe kazini ndio uliokuwa mali ya mfanyakazi wa reli, kama ng'ombe kwa mfugaji. Mwajiri aliyetaka kumuumiza dereva hakuhitaji kumpiga, alimfutia tu miaka yake.

Hicho ndicho kilichotokea mwaka 1917. Menejimenti ya reli ya New South Wales ilileta mfumo wa kadi katika karakana za Randwick na Eveleigh, Sydney. Kila kazi ingeandikwa kwenye kadi: fundi ameanza saa ngapi, amemaliza saa ngapi. Mafundi waliona mbali. Leo kadi inapima muda wa kazi, kesho itampima mtu, na yule mwepesi kuliko wote ndiye atakayekuwa kipimo cha wote. Tarehe 2 Agosti waliweka zana chini. Mgomo ukasambaa kama moto wa nyika: madereva na watia makaa wa treni, makuli wa bandari, mabaharia. Na wachimbaji wa makaa ya mawe pia. Naomba msomaji aliweke hilo pembeni, nitalirudia.

Serikali ya jimbo haikutafuta suluhu. Iliita watu wa kujitolea kutoka mashambani, ikawapigia kambi kwenye uwanja wa kriketi wa Sydney, ikawapa kazi za wagomaji. Wagomaji waliambiwa wawe wamerudi kufikia tarehe 10 Agosti, la sivyo wapoteze haki zao za utumishi. Mgomaji mmoja, Mervyn Flanagan, alipigwa risasi na kufa Camperdown. Mwezi wa Septemba viongozi wa vyama walisalimu amri, na watu wakarudi mmoja mmoja kuomba kazi walizokuwa nazo jana yake. Wapo waliokataliwa moja kwa moja. Chifley alifukuzwa, akakata rufaa, akarudishwa. Lakini alirudishwa kwa kushushwa: kutoka dereva hadi mtia makaa, huku watu aliowatangulia kwa miaka, ambao hawakugoma, wakiwa sasa wanamtangulia yeye. Alikuwa na miaka 31. Akashika tena koleo.

Miaka mingi baadaye, akiwa kiongozi wa nchi, Chifley alilisema jambo hili bungeni bila kuzungukazunguka. Kama wagomaji wa 1917 wangetendewa kwa uvumilivu kidogo, alisema, yeye asingekuwa bungeni. Ukatili ule haukumfanyia lolote ila kumgeuza, kwa msaada wa wenzake, kutoka dereva wa kawaida hadi waziri mkuu.

Wasimulizi wengi huyapenda maneno hayo kwa ajili ya ushindi uliomo ndani yake. Mimi naona pia maelezo ya mtu anayejua hasa kisasi cha mwajiri hufanya nini, kwa sababu kimepita mwilini mwake. Alijua kwamba adhabu inayomfuata mtu mpaka mezani kwake haimtulizi, inampa kazi ya maisha. Nitamshika Chifley kwa maneno yake mwenyewe tutakapofika 1949.

Funzo lake la pili kutoka 1917 lilikuwa la ubaridi zaidi. Mgomo ule ulikuwa wa haki, na bado ulishindwa vibaya. Uliwaka bila mpango, ukatanuka bila uongozi mmoja, ukapambana na serikali iliyokuwa tayari kusubiri. Vyama vilifutwa kwenye rejista. Familia zilikaa na njaa kwa ajili ya kitu ambacho hakikupatikana. Chifley alitoka pale akiamini kwamba nguvu ya mfanyakazi wa kawaida iko kwenye kuungana na kwenye sheria. Aliingia kazi ya kujenga chama cha madereva na watia makaa cha nchi nzima, na akawa mmoja wa wasemaji wake mbele ya mahakama ya usuluhishi.

Mahakama hiyo inahitaji maelezo mafupi, kwa sababu kisa chote kinaning'inia hapo. Tangu 1904 Australia ilikuwa na sheria ya kupeleka migogoro ya kazi mbele ya jaji. Chama kinaleta madai, mwajiri anajibu, ushahidi unasikilizwa, jaji anatoa uamuzi unaozibana pande zote mbili. Kwa mtu kama Chifley hii ilikuwa neema. Mtoto wa mhunzi anasimama mbele ya wakili wa reli akiwa na hesabu za mshahara, bei za vitu na saa za kazi, na hoja yake inapimwa kwa uzito wake. Aliipenda kazi hiyo. Nadhani hakuna kitu serikalini alichokiamini kwa dhati kuliko mfumo huo.

Alishindwa uchaguzi wa 1925, akashinda jimbo la Macquarie mwaka 1928, na Machi 1931 akawa waziri wa ulinzi. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mwezi Juni mwaka huohuo serikali kuu na za majimbo zilikubaliana kubana matumizi kwa asilimia 20, mishahara na pensheni zikiwemo. Chifley aliuchukia mpango ule, lakini aliuunga mkono kwa sababu hakuona njia nyingine ya nchi kulipa hata kile kidogo. Chama chake cha wafanyakazi wa treni, alichokijenga kwa mikono yake, kikamfukuza uanachama. Desemba akapoteza kiti. Alikaa nje ya Bunge karibu miaka tisa, akifanya siasa za halmashauri nyumbani na kuhudumu kwenye tume ya uchunguzi wa mabenki.

Anayeshangazwa na Chifley wa 1949 hakumwangalia Chifley wa 1931. Tabia ni ileile. Akishasadiki kwamba jambo chungu ndilo lililobaki, analifanya, na wa kuumia kwanza ni wale wa kwao.

Wachimbaji nao walikuwa na kumbukumbu zao. Mwaka 1929 wenye migodi wa kaskazini mwa New South Wales waliwafungia nje wachimbaji karibu 10,000 waliokataa kukatwa mshahara. Kufuli lile lilidumu miezi 15. Tarehe 16 Desemba 1929 polisi waliwafyatulia risasi wachimbaji huko Rothbury, na kijana Norman Brown akafa. Wakati huo serikali ya taifa ilikuwa ya Labor, iliyoingia madarakani ikiahidi kuifungua migodi haraka. Haikuifungua. Wachimbaji walirudi kwa masharti ya wenye migodi, wakijua kwamba serikali ya kwenu inaweza kukuangalia ukizama. Chifley alikuwa mbunge wa upande wa serikali ile.

Alirudi bungeni mwaka 1940, akawa waziri wa fedha mwaka uliofuata, na tarehe 13 Julai 1945, baada ya kifo cha waziri mkuu John Curtin, akaapishwa kuwa waziri mkuu. Hazina aliendelea kuishika mwenyewe. Makazi rasmi ya waziri mkuu hakuyataka. Akiwa Canberra alikaa kwenye chumba cha hoteli ya Kurrajong, na nyumbani kwake palibaki palepale Bathurst. Mengi aliyoyafanya yanastahili makala yake. Kwa kisa hiki inatosha moja: mahakama ya usuluhishi iliamua wiki ya kazi iwe ya saa 40, kuanzia Januari 1948. Kwa Chifley hiyo ilikuwa hati ya ushahidi kwamba njia yake inazaa matunda.

Lakini migodini mambo yalikuwa tofauti. Baada ya vita mahitaji ya makaa yalikuwa makubwa kuliko yaliyochimbwa. Makaa yaliendesha treni, umeme na gesi, akiba ilikuwa ndogo, na migomo midogomidogo haikwisha. Wachimbaji walikuwa wanavuta vumbi lililokuwa likiwaua polepole, na walikuwa wamesubiri wakati wote wa vita. Sasa walitaka wiki ya saa 35, nyongeza ya shilingi 30 kwa wiki, na likizo ya utumishi wa muda mrefu. Kwa kazi ile sioni hata dai moja la anasa. Suala lilikuwa mbele ya baraza la usuluhishi la sekta ya makaa. Shirikisho la wachimbaji, lililokuwa na Wakomunisti katika uongozi wake wa juu, liliona baraza linawachelewesha. Mikutano ya wachimbaji ikapiga kura kwa wingi. Tarehe 27 Juni 1949, katikati ya majira ya baridi ya kusini, mgomo ukaanza.

Wiki mbili kabla, tarehe 12 Juni, Chifley alikuwa amewahutubia wajumbe wa Labor jijini Sydney. Aliwaambia kazi ya chama chao si kuongeza senti chache mfukoni mwa mtu wala kumpa fulani uwaziri mkuu. Ni kuelekea nuru iliyo juu ya kilima, maisha bora zaidi kwa watu, hapo kwao na popote wanapoweza kunyoosha mkono wa msaada. Mpaka leo hotuba hiyo hunukuliwa kuliko zote za chama kile. Sina shaka aliimaanisha.

Tuangalie mezani kwake palikuwa na nini. Sydney ilikuwa inaingia gizani. Gesi ya kupikia ilitolewa kwa saa chache, viwanda vilifungwa, na mamia ya maelfu ya wafanyakazi wasiohusika na mgomo walikaa bila kazi. Angeweza kuwapa wachimbaji walichotaka. Lakini serikali ikitoa nje ya baraza kile kinachosubiriwa ndani ya baraza, nani tena atakwenda kwa jaji? Kila chama chenye mkono kwenye swichi ya umeme kingejifunza somo, na vyama dhaifu, vya wafua nguo na wauzaji wa madukani, ambavyo mgomo wao hauzimi taa ya mtu, vingebaki bila pa kusemea. Hoja hiyo ni nzito, na anayemlaumu Chifley bila kuijibu hajamtendea haki. Angeweza pia kusubiri, lakini waliokuwa wakiumia kwa kusubiri walikuwa wafanyakazi wengine, wapiga kura wake mwenyewe.

Kwa hiyo wanajeshi nawaelewa. Siwashangilii. Hata hivyo askari aliyechimba kwenye shimo la wazi alileta makaa kwa nyumba zenye baridi, na hakuchukua kazi ya mchimbaji kwa kudumu kama wale watu wa kujitolea wa 1917. Mgomo ulipokwisha askari waliondoka na wachimbaji wakarudi.

Lakini mwezi mzima kabla ya wanajeshi, kulikuwa na sheria. Mgomo ulikuwa na siku mbili tu, tarehe 29 Juni, pale Bunge lilipopitisha sheria ya dharura iliyokataza fedha za vyama kutumika kuwasaidia wagomaji. Vyama vilivyokuwa vimetoa fedha zao benki mapema viliamriwa kuzirudisha na kuziweka chini ya mahakama. Viongozi waliokataa kusema fedha ziko wapi walitozwa faini na kufungwa jela. Polisi walipekua makao makuu ya chama cha Wakomunisti.

Hapa ndipo mimi namwacha Chifley. Fedha za chama ni michango ya mchimbaji, imekatwa kwenye mshahara wake wiki baada ya wiki kwa ajili ya siku ya njaa. Kuzifunga si sawa na kuleta makaa. Hata kilo moja haikuchimbwa kwa sababu ya sheria ile. Ililenga jikoni. Iliamua kwamba mwanamke wa Cessnock, mji wa wachimbaji, ambaye hakupiga kura kwenye mkutano wowote akose unga wa kuwalisha wanawe mpaka mumewe arudi shimoni. Na aliyeipendekeza alikuwa mtu aliyewahi kulisema bungeni, kwa kinywa chake, jinsi ukatili wa namna hiyo unavyomjenga mtu kuwa adui. Alijua. Ndiyo maana sikubali utetezi kwamba alisahau: angekuwa amesahau, lawama ingekuwa nyepesi.

Kwa nini basi? Jibu langu ni hili. Chifley aliuona mgomo wa 1949 kama mgomo wa 1917 uliorudi: haki ndani ya madai, upumbavu ndani ya mkakati, na viongozi walioingiza watu kwenye vita visivyoshindika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alitaka ukome haraka kabla haujala watu kama ulivyomla yeye. Na alipowatazama viongozi Wakomunisti, akashindwa kuwaona wale wanachama waliokuwa wamepiga kura kwa hiari yao, tena kwa wingi. Aliwaadhibu wengi akidhani anawaokoa kutoka kwa wachache. Mwaka 1917 wachimbaji wa makaa waliacha migodi kwa ajili ya watu wa reli. Safari hii mtu wa reli ndiye aliyekuwa na funguo za sanduku lao la akiba.

Mgomo ulikwisha tarehe 15 Agosti, baada ya wiki saba. Wachimbaji walirudi kazini bila kupata walichogomea. Tarehe 10 Desemba Labor ilishindwa uchaguzi mkuu, kiongozi wa upinzani Robert Menzies akachukua serikali. Sababu zilikuwa nyingi: mpango wa kutaifisha mabenki ulioangushwa mahakamani, mgao wa petroli, hofu ya Ukomunisti. Mgomo ulikuwa mojawapo, na wala jeshi halikumwokoa Chifley machoni pa waliomtaka awe mkali zaidi.

Jambo moja la mwisho linamwonyesha alivyokuwa. Mwaka 1950 Menzies alileta muswada wa kukipiga marufuku chama cha Wakomunisti. Chifley, aliyekuwa amewaacha viongozi wao wafungwe mwaka mmoja tu nyuma, alisimama upande wa upinzani akaupinga, hasa kifungu kilichomtaka mtu aliyetajwa kuwa Mkomunisti athibitishe mwenyewe kwamba siye. Chama chake hatimaye kilimlazimisha kuuachia upite. Machi 1951 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria hiyo.

Usiku wa tarehe 13 Juni 1951, Canberra ilikuwa kwenye dansi ya kuadhimisha miaka 50 ya shirikisho la Australia. Chifley hakwenda. Alibaki katika chumba chake cha hoteli ya Kurrajong, akapatwa na mshtuko wa moyo, akafariki usiku huohuo akiwa na miaka 65. Walimzika Bathurst, kwenye mji aliouanzia kazi ya banda la injini. Huko kaskazini, jimbo la uchaguzi la Hunter, lenye migodi ile ya makaa, lilikuwa limechagua mbunge wa Labor mwaka 1949, miezi minne tu baada ya wanajeshi kuondoka, na likamchagua tena mwaka 1951.